Mpaka Usio na Lango: Namna Swichi Pepe Inavyopitisha Pakiti kati ya Madaraja ya Programu, na Funzo Lake kwa Vituo vya Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna swichi pepe inavyopitisha pakiti kati ya madaraja ya programu yaliyounganishwa ndani ya seva moja, kwa kurejelea zaidi programu ya Open vSwitch. Hoja kuu ni kwamba madaraja yanapounganishwa kwa milango kiungo, pakiti haisafiri kutoka daraja moja hadi jingine. Programu hukokotoa mara moja matokeo ya kanuni za madaraja yote, kisha huyahifadhi kama uamuzi mmoja. Mpaka kati ya madaraja hubaki katika kanuni, si mahali. Makala yanalinganisha hali hii na utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia na kile cha Malaba wilayani Tororo, na kuonyesha kwamba taasisi mbili zikitumia seva moja bila kuweka alama ya umiliki katika kanuni zao, itakuwa vigumu kujua ni nani aliyezuia au kuruhusu data. Mapendekezo manne yanatolewa kwa washauri wa sera.

Maneno msingi: swichi pepe, daraja la programu, mlango kiungo, akiba ya maamuzi, kituo cha pamoja cha mpakani

1.0 Utangulizi

Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walizindua rasmi kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Busia. Kabla ya utaratibu huo, dereva wa lori alisimama mara mbili: kwanza kukamilisha taratibu za kutoka upande mmoja, kisha kuanza upya taratibu za kuingia upande wa pili. Chini ya utaratibu wa sasa, anayetoka Kenya hupita moja kwa moja hadi upande wa Uganda, na huko huwakuta maafisa wa nchi zote mbili. Anayetoka Uganda hufanyiwa vivyo hivyo upande wa Kenya. Utaratibu huohuo unatumika Malaba, kivuko kinachoiunganisha Kenya na Wilaya ya Tororo.

Msingi wa kisheria wa mpangilio huu ni Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Sheria hiyo haikuhamisha mpaka. Iliruhusu maafisa wa nchi moja kutekeleza sheria za nchi yao ndani ya eneo la udhibiti lililoko katika ardhi ya nchi jirani, kwa sharti kwamba taratibu za kutoka zitangulie na za kuingia zifuate. Kwa maneno mengine, sheria zimebaki mbili ilhali kituo ni kimoja.

Nyuma ya malori na karatasi kuna msafara mwingine usioonekana, yaani msafara wa data. Mamlaka ya Mapato ya Uganda hutumia mfumo wa forodha wa ASYCUDA World, na Mamlaka ya Mapato ya Kenya hutumia mfumo wake wa iCMS. Mfumo wa kikanda wa kufuatilia mizigo kwa njia ya kielektroniki umeziunganisha Kenya, Uganda na Rwanda tangu mwaka 2017. Uganda haina pwani, hivyo sehemu kubwa ya mawasiliano yake na dunia hupitia nyaya za baharini zinazotua Mombasa, zikiwemo SEACOM na TEAMS zilizoanza kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Kutoka huko, mikongo ya nchi kavu huvuka mpaka katika ukanda huu wa Busia na Malaba.

Taasisi zinapoanza kuweka mifumo yao katika seva za pamoja, swali la Busia hurudi kwa sura nyingine. Iwapo sheria mbili zinatekelezwa ndani ya mashine moja, mpaka uko wapi, na nani anawajibika kwa uamuzi unaotolewa hapo? Haliwezi kujibiwa bila kuelewa kinachoipata pakiti ndani ya swichi pepe.

2.0 Kuhusu istilahi

Katika makala haya, swichi pepe ni programu inayofanya kazi ya swichi ya mtandao ndani ya seva, ikiziunganisha mashine pepe zinazoendeshwa humo. Daraja la programu ni sehemu ya swichi hiyo yenye milango yake na kanuni zake. Mlango ni mahali ambapo pakiti huingia au kutoka. Neno “bandari”, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kwa maana hii, limeepukwa kwa makusudi. Katika nyaraka za Busia na Malaba, bandari ni ya Mombasa au bandari kavu, na msomaji wa forodha angepotoka. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayoshughulikia vifaa na kumbukumbu za kompyuta. Akiba ya maamuzi ni orodha ya maamuzi yaliyokwishafanywa, ambayo kiini hurejea ili kisilazimike kuuliza upya.

3.0 Daraja moja linavyofanya kazi

Daraja la kawaida la programu, kama lile lililomo katika mfumo endeshi wa Linux, hufanya mambo matatu kila inapofika fremu. Kwanza, hutazama anwani ya mtumaji na kukumbuka mlango alioingilia. Pili, hutafuta anwani ya mpokeaji katika jedwali lake. Tatu, ikiwa anwani hiyo inajulikana, hutoa fremu kwa mlango husika pekee, na isipojulikana, huisambaza kwa milango yote isipokuwa ule iliyoingilia. Anwani isiyosikika kwa sekunde 300 hufutwa, isipokuwa msimamizi awe amebadilisha muda huo.

Utaratibu huu una udhaifu unaofahamika tangu enzi za swichi za vyuma. Fremu ya Ethaneti haina kihesabu cha safari. Madaraja mawili yakiunganishwa kwa njia mbili, fremu ya kusambazwa kwa wote itazunguka bila kikomo na kuuelemea mtandao. Mwaka 1985 Radia Perlman alibuni itifaki ya mti mtandazi, ambayo huzima njia za ziada ili ibaki njia moja tu kati ya nukta zozote mbili. Katika Open vSwitch itifaki hiyo haiwashwi mpaka msimamizi aiwashe mwenyewe.

4.0 Njia mbili za kuunganisha madaraja

4.1 Waya pepe

Njia ya kwanza ni waya pepe, yaani jozi ya milango iliyofungamanishwa ndani ya kiini kiasi kwamba kinachoingia upande mmoja hutokea upande wa pili. Fremu hutoka daraja la kwanza, hupita kwenye waya, kisha hupokelewa na daraja la pili kana kwamba imetoka nje ya seva. Daraja la pili huanza kazi yake upya: hujifunza anwani, hutafuta, huamua. Kila pakiti hulipa gharama hiyo mara mbili, na madaraja yakiwa matano italipa mara tano.

Huu ndio mpaka wa zamani wa Busia: vituo viwili, foleni mbili. Hata hivyo, una faida moja isiyopaswa kubezwa. Waya pepe ni kifaa halisi machoni pa kiini. Mkaguzi anaweza kuweka programu ya kunasa pakiti juu yake na kuona kila kinachopita.

4.2 Mlango kiungo

Njia ya pili ni mlango kiungo, unaopatikana katika Open vSwitch. Programu hii ilianzishwa na kampuni ya Nicira mwaka 2009, na sehemu yake ya kiini ikaingizwa rasmi katika toleo la 3.3 la Linux mwaka 2012. Tangu 2016 mradi huo uko chini ya Linux Foundation.

Ili kuelewa mlango kiungo, ni lazima kutambua kwamba Open vSwitch imegawanyika sehemu mbili. Sehemu ya ndani ya kiini ina kasi lakini haijui sera yoyote. Inachojua ni kusoma vichwa vya pakiti, kuvilinganisha na akiba ya maamuzi na kutekeleza. Sehemu ya nje, yaani programu kuu ya swichi, ndiyo yenye majedwali ya kanuni, na ndiyo inayojua kwamba kuna madaraja kadhaa. Kwa kiini, madaraja yote ni uwanja mmoja wenye milango mingi.

Pakiti ya kwanza ya mawasiliano mapya inapofika, kiini hakikuti uamuzi wowote unaoihusu, hivyo huipeleka kwa programu kuu. Programu kuu huipitisha katika majedwali ya daraja la kwanza. Kanuni ikisema “toa kwa mlango kiungo”, hakuna pakiti inayotolewa mahali popote. Programu huendelea na hesabu yake katika daraja la pili, ikiichukulia pakiti kuwa imeingia kupitia mlango mwenza. Ikifika mwisho wa mnyororo, huwa imepata jibu moja tu, kwa mfano “toa kwa mlango wa 7” au “tupa”. Jibu hilo huandikwa katika akiba ya kiini pamoja na maelezo ya pakiti zinazohusika. Pakiti ya pili na zinazofuata hukutana na jibu hilo moja kwa moja, na hazipiti tena daraja lolote.

Kwa hiyo, iwapo madaraja ni mawili au kumi, pakiti zinazofuata hutumia karibu muda uleule. Gharama ya kupita katika madaraja yote hulipwa na pakiti ya kwanza peke yake. Hapa kuna mfanano na Himaya Moja ya Forodha iliyoanza mwaka 2014, ambapo bidhaa za Uganda hukamilishiwa taratibu za kodi zikiwa bado Mombasa, na mpakani kazi inayobaki ni kuthibitisha tu. Mfanano huo una ukomo wake: kila shehena ina hati yake, ilhali uamuzi mmoja wa akiba unaweza kuzihudumia pakiti milioni.

5.0 Mfano: ni nani aliyezuia?

Tuchukue mfano wa kufundishia. Seva moja katika kituo cha pamoja ina madaraja mawili, daraja K la taasisi ya Kenya na daraja U la taasisi ya Uganda, yaliyounganishwa kwa jozi ya milango kiungo. Mashine pepe ya kutuma hati iko kwenye mlango wa 1 wa daraja K. Mashine ya kupokea iko kwenye mlango wa 7 wa daraja U. Kanuni ya daraja K inaruhusu kwenda ng’ambo mawasiliano ya TCP yanayolenga namba 443 pekee. Kanuni ya daraja U inayapokea yakiwa yametoka kwa anwani ya mtumaji inayotambuliwa pekee.

Hati ya kwanza inapotumwa, programu kuu husoma kanuni ya K, huvuka mlango kiungo kwa hesabu, husoma kanuni ya U, kisha huandika katika akiba maneno yanayoweza kufasiriwa hivi: kilichoingia mlango wa 1, cha aina ya TCP, kutoka anwani hii, kikilenga 443, kitolewe mlango wa 7. Vipengele vilivyoandikwa ni vile tu vilivyotazamwa wakati wa uamuzi. Vingine huachwa wazi ili uamuzi mmoja utumike kwa pakiti nyingi. Mlango kiungo hautajwi, na daraja K na daraja U hayatajwi.

Sasa tuseme anwani ya mtumaji imebadilishwa upande wa Kenya na upande wa Uganda haujaarifiwa. Kanuni ya U inakataa. Akiba ya kiini inaandikwa: kilichoingia mlango wa 1, kutoka anwani hii, kitupwe. Afisa wa Kenya anatazama kanuni zake na kuona ziko sahihi, hivyo anasema tatizo liko Uganda. Afisa wa Uganda anaweka programu ya kunasa pakiti kwenye mlango kiungo, lakini mlango huo haumo ndani ya kiini na hakuna kinachonaswa. Anahitimisha kwamba hakuna kitu kilichotoka Kenya. Kila mmoja ana ushahidi wake, na wote wawili wamekosea. Wakati huo lori liko kwenye foleni, na wakala wa forodha anatumwa huku na huko.

Hata hesabu za pakiti zinazoonyeshwa kwa mlango kiungo hazimtoi mkaguzi gizani moja kwa moja. Ni hesabu zinazorejeshwa na programu kuu kutokana na matumizi ya akiba, si hesabu zilizopimwa mlangoni. Zana sahihi ni amri ya ofproto/trace, ambayo huitaka programu kuu irudie hesabu yake kwa pakiti ya mfano na kueleza hatua kwa hatua ni jedwali gani la daraja gani lililotoa uamuzi gani. Kwa hiyo mkaguzi anapaswa kuihoji programu badala ya kuvizia mlangoni.

Jambo la pili linahusu muda. Kanuni ya daraja U ikibadilishwa saa nne kamili, uamuzi wa zamani haupotei papo hapo. Programu kuu ina wakaguzi wa ndani wanaopitia akiba na kuondoa maamuzi yasiyolingana tena na kanuni, na uamuzi usiotumika kwa sekunde 10 hufutwa kwa mpangilio wa kawaida. Kati ya badiliko la kanuni na ukaguzi huo kuna dirisha fupi ambamo sheria ya zamani bado inatekelezwa. Kwa kazi nyingi dirisha hilo halina uzito. Kwa ushahidi wa kisheria kuhusu nani aliruhusu nini na saa ngapi, lina uzito.

6.0 Kutoka Busia hadi Tororo: handaki

Mlango kiungo hufanya kazi ndani ya seva moja pekee. Daraja lililoko Busia likihitaji kuungana na lililoko Tororo, pakiti lazima itoke kweli, ipite kwenye mkongo na kuingia seva nyingine. Njia inayotumika sana ni handaki la VXLAN, lililoelezwa katika waraka wa RFC 7348 wa mwaka 2014. Fremu nzima hufungwa ndani ya pakiti nyingine na kupewa namba ya mtandao yenye biti 24, kiasi kinachotosha mitandao zaidi ya milioni 16. Mfumo wa zamani wa VLAN una mitandao 4,094 tu.

Ufungaji huo hula nafasi. Juu ya IPv4, handaki huongeza baiti 50. Njia inayobeba pakiti za baiti 1,500 hubakiza 1,450 kwa mzigo wa ndani, na usimbaji fiche hupunguza zaidi. Wasafirishaji wa ukanda huu wanaijua hali ya namna hii. Kontena linaloletwa Naivasha kwa reli ya geji ya milimita 1,435 haliwezi kuendelea na behewa lilelile hadi Malaba na Tororo, kwa kuwa reli ya zamani ni ya milimita 1,000. Tofauti ni kwamba kontena lililokwama huonekana, na pakiti iliyozidi kipimo inaweza kutupwa kimyakimya. Dalili yake ni ya kupotosha: jaribio la mawasiliano kwa pakiti ndogo hufaulu, ukurasa wa kuingilia hufunguka, lakini hati yenye viambatisho haifiki.

7.0 Athari za kisera

Suala hili si la mafundi peke yao. Kenya na Uganda kila moja ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na sheria zote mbili zinaweka masharti kuhusu data binafsi inayotoka nje ya nchi. Masharti hayo yanachukulia kwamba kuna tukio linaloweza kutambuliwa la data kuvuka mpaka. Madaraja mawili yakiunganishwa kwa mlango kiungo, hakuna kifaa ambacho mkaguzi anaweza kukionyesha na kusema “ilivukia hapa”. Kuvuka ni hatua ndani ya hesabu. Sheria ya mwaka 2016 ilitatua tatizo kama hilo kwa watu na mizigo kwa kuweka mpangilio wa taratibu na kutaja wazi afisa wa nchi gani anatekeleza nini. Mifumo ya data inahitaji uwazi huohuo.

Hatari kubwa zaidi imo katika mpangilio ambao wengi hawaugusi. Open vSwitch huweza kuendeshwa na kidhibiti kilicho mbali, tuseme Nairobi au Kampala. Mawasiliano na kidhibiti yakikatika, daraja lililoachwa katika hali yake ya awali hujigeuza kuwa swichi ya kawaida: hujifunza anwani na kupitisha kila kitu, pamoja na kile kilichokuwa kimezuiwa. Hali mbadala, inayoitwa salama, huliacha daraja na kanuni lilizokuwa nazo bila kubuni njia mpya. Katika mtandao wa ofisi ndogo, hali ya kwanza ni msaada. Katika mtandao unaotenganisha mamlaka za nchi mbili, mkongo ukikatwa na mchimba mtaro, mpaka wote hufunguka bila mtu kuufungua.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba swichi pepe hupata kasi yake kwa kuunganisha maamuzi ya madaraja mengi kuwa uamuzi mmoja, na kwamba muungano huo huficha mwenye uamuzi. Hiyo si kasoro ya programu. Vituo vya Busia na Malaba vimeonyesha kwamba kusimama mara moja kunawezekana bila kufuta sheria ya upande wowote, ilimradi kila hatua iwe na mwenyewe. Kwa msingi huo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila kanuni katika daraja la pamoja ibebe alama ya mmiliki. Open vSwitch hutoa kwa kila kanuni kitambulisho cha biti 64 ambacho msimamizi anaweza kukijaza apendavyo. Biti chache zikitengwa kwa nchi na taasisi, zana ya ufuatiliaji itaweza kujibu swali la nani aliyezuia.

Pili, makubaliano ya kushirikiana seva yataje ni wapi kasi inatangulia na ni wapi ushahidi unatangulia. Pale sheria inapodai ukaguzi unaoonekana, madaraja yaunganishwe kwa waya pepe au yawekwe katika seva tofauti, na gharama yake ikubaliwe mapema.

Tatu, hali ya daraja likipoteza kidhibiti iamuliwe kwa maandishi na ijaribiwe kwa kukata mawasiliano makusudi. Majaribio ya mahandaki yatumie pakiti za ukubwa kamili, si pakiti ndogo za kupima uhai wa njia.

Nne, mafunzo ya mafundi na maafisa wa pande zote mbili yaendeshwe kwa istilahi moja ya Kiswahili. Afisa wa Kenya na mwenzake wa Uganda wanaweza kuzungumzia lori kwa lugha moja bila shida. Wakifika kwenye pakiti, kila mmoja hurudi kwenye msamiati wa mwongozo wake. Istilahi ya pamoja ndiyo itakayowawezesha kusoma kwa pamoja matokeo ya ufuatiliaji, badala ya kila mmoja kutetea daraja lake.